Ndege ya Kodi na Mbuzi ya Mama Mkwe

Rafiki yangu, kaa karibu. Wewe nakuambia kwa sababu mdomo yako iko na mlango, na mlango iko na komeo. Yangu mimi haina hata pazia. Ndiyo maana nusura mama mkwe wangu akose Hija, mwanamke ambaye ameomba kuiona Makka tangu kabla mimi sijaolewa. Na shetani usimsingizie. Ilikuwa mimi, na masomo yangu ya jioni.

Mama mkwe anakaa Bwera, pale ukishuka kidogo unaona mto, na ng'ambo ya mto ni Congo. Mimi nakaa Kasese na bwana yangu, dereva wa lori, ambaye nyumba anaijua kwa simu. Siku ya soko nashuka Bwera kununua vitenge, nalala kwa mama mkwe, narudi Kasese kuuza. Miaka yote hiyo tumegombana mara mbili tu, na zote mbili nilikuwa na makosa mimi, kwa sababu yeye hakosi. Muulize.

Kitu moja lazima uijue juu yake. Zamani, bado kijana, alikuwa mtu wa magendo ya kahawa. Hafichi. Alivusha kahawa kwa mgongo, kwa baiskeli, na mara moja alilala juu ya machela akajifanya mgonjwa, gunia iko chini yake, jamaa wanne wamembeba wanalia. Afande kwa kizuizi akavua kofia akamwombea apone. Anasema ile dua ya afande ndiyo ilimchoma moyo. Akatubu, akaacha kabisa. Na tangu siku hiyo amekuwa mkali kupita watu wa serikali wenyewe. Ukimpelekea sukari, kabla ya kusema asante anauliza, "Hii imepita njia gani?"

Basi Hija yake aliitaka safi, toka unyayo mpaka utosi.

Mimi nami shule niliiacha nikiwa mtoto, nikairudia nikiwa na watoto. Tunasoma baada ya alasiri mpaka karibu magharibi, katika shule ya msingi, na dawati ni ndogo, magoti yanapanda mpaka kifua. Mwalimu wetu ni mzee wa Bugoye, Mkristo mpole, anafundisha jiografia kama mtu anayeelekeza wageni njia ya kwake. Siku moja ndege ndogo ya watalii wa Mweya ilipita juu ya darasa, sisi wote, watu wazima, tukakimbilia dirisha.

"Mnaangalia nini?" mwalimu akasema. "Haya, basi tusome hiyo hiyo."

Akatufundisha kwamba kila ndege iko na herufi yake kwa mkia, kama namba ya gari, na hiyo herufi inasema imeandikishwa nchi gani. Ya Uganda inaanza na tano na X. Ya Kenya tano na Y. Akatuandikisha orodha ndefu kwa daftari. Rafiki, nilifurahi! Wiki nzima nilikuwa nasimama nje natazama juu kama kuku aliyeona mwewe.

Elimu ni kama pilipili. Ukiipata mpya unataka kuitia kwa kila kitu.

Siku ya soko nikashuka Bwera. Mama mkwe alikuwa ameketi na majirani wawili wanachambua maharage, na sanduku yake iko tayari kwa kona, kanzu nyeupe zimekunjwa ndani. Simu yangu ikalia. Kiongozi wa safari, haji mmoja mwenye simu tatu na jibu moja, "inshallah," ametuma picha ya ndege ambayo itawabeba. Tukakusanyika. Ndege kubwa, nzuri, imeandikwa Kiarabu ubavuni. Majirani wakapiga vigelegele. Hapo ndipo mwanamke mwenye akili angerudisha simu kwa mkoba.

Mimi nikavuta picha kwa vidole, nikaenda mpaka kwa mkia. T na F. Nikafungua daftari.

"Eh-eh!" nikasema. "Ndege iko na jina ya Waarabu, lakini namba yake ni ya Aisilandi!"

Mkono ya mama mkwe ikasimama juu ya maharage.

"Namba ya nani?"

"Ya Aisilandi, Mama. Nchi ya barafu, huko juu kabisa ya ramani."

"Rangi ya huyu, namba ya yule."

"Ndiyo, Mama."

"Mukamwana, mke wa mwanangu, hiyo kazi mimi naijua. Tulikuwa tunachukua lori ya Congo, tunaipaka rangi, tunaifunga namba ya Uganda kwa waya. Namba haifanani na mwili: hiyo ni magendo. Hakuna sababu ingine. Na mtu akikaa ndani, afande akisema 'Shuka!', wote mnashuka, mwenye kosa na asiye na kosa."

"Na barafu kwa jua ya Makka?" jirani mmoja akauliza. "Si itayeyuka?"

Nikacheka. Nilikosea. Mama mkwe akasimama, akaingia ndani, akatoa kanzu zake kwa sanduku moja moja, akazirudisha kabatini. Pasipoti akairudisha kwa mkebe ya majani ya chai.

"Mungu hajaniita nyumbani kwake nipande kitu ya wizi," akasema. "Nitabaki."

Nikaona nitengeneze mara moja. Nikampigia haji, na kwa ujinga wangu nikaweka simu kwa sauti kubwa ili Mama asikie mwenyewe.

"Haji, tafadhali mwambie Mama kwa nini hii ndege iko na namba ya nchi ingine."

"Ah, Mama, usiwe na wasiwasi!" haji akasema, anacheka. "Hiyo ni ndege ya kodi tu! Kila mwaka tunaenda na ndege ya kodi. Inshallah."

Sasa hapa nikueleze, maana labda wewe umekulia mahali pengine. Haji alisomea Mombasa. Huko kodi ni ile unampa mwenye nyumba, na kitu ya kodi ni kitu umeipanga. Lakini Bwera ni mpaka. Sisi kodi tunaijua moja tu, ile ya watu wenye sare pale kwa kizuizi. Na gari ya kodi ni ile wameishika. Iko pale kwa yadi, nyasi imeota kwa injini, kuku wanataga kwa kiti ya dereva. Kwa hiyo haji alisema ndege imepangwa, na mama mkwe akasikia ndege imekamatwa.

"Si nimesema?" akaiambia simu. "Imeshikwa!"

"Hapana, Mama, ni ya kodi…"

"Ndiyo! Ya kodi! Nimesikia mara ya kwanza!"

Mpaka kesho yake soko nzima ilikuwa na habari. Asubuhi ilikuwa ndege imeshikwa. Adhuhuri ilikuwa imeshikwa na kahawa ndani. Mwanamke mmoja wa nyanya aliniambia mimi mwenyewe, kwa kunong'ona, kwamba ile kahawa ilifichwa ndani ya barafu.

Haji akanipigia, hacheki tena. "Nani ameanza haya maneno?"

Nikakiri, maana siku ya kiyama hata simu itaongea.

"Dada," akasema, "sikia. Orodha ya mwisho naipeleka Ijumaa baada ya swala. Mama akikataa, nafasi yake inaenda kwa bibi mmoja wa Fort Portal anayengoja."

"Na mwaka ujao, Haji?"

"Mwaka ujao ni wa Mungu. Magoti yake umeyaona?"

Nilikuwa nimeyaona. Akiinuka kutoka kwa mkeka anashika ukuta. Mwaka huu anashika ukuta; mwaka ujao sijui atashika nini. Nikampigia bwana yangu, alikuwa njiani na lori. Alicheka mpaka nikasikia anatafuta pa kuegesha.

"Ongea na mama yako," nikamwomba.

"Mimi? Nimwambie yeye mambo ya namba za gari? Mimi nimefundishwa na yeye. Wewe ndiye umefungua, wewe funga."

Basi jioni ya Jumatano nikabaki darasani baada ya wenzangu kutoka. Nikamweleza mwalimu yote, hata kahawa ndani ya barafu. Akafuta ubao polepole, nadhani alikuwa anaficha meno.

"Msimu wa Hija," akasema, "kampuni ya ndege inapata watu wengi kupita kiasi, wiki chache tu. Halafu wanaisha. Utanunua ndege kubwa kwa ajili ya wiki chache?"

"Siwezi."

"Basi unakodi. Huko Aisilandi kuna watu kazi yao ni kukodisha ndege. Inakuja na marubani wake, mafundi wake, karatasi zake. Unaipaka rangi yako, lakini usajili unabaki kwao, kwa sababu wakaguzi wa kwao ndio wanaijua na wanaendelea kuikagua. Kuhamisha usajili ni kazi: ukaguzi upya, karatasi upya, na msimu ukiisha uirudishe tena upya."

"Na kama mtu amekodi miaka mingi?"

"Hata hapo mara nyingi mwenye ndege anachagua nchi. Au benki iliyomkopesha ndiyo inachagua. Mpangaji akifilisika, au akikataa kurudisha, mwenye mali anataka korti ambayo itasema 'rudisha', na kweli irudi haraka. Sio korti ambayo kesi inalala mpaka ndege inaota nyasi."

Nikawaza ile yadi. "Na kodi, mwalimu? Ile ingine?"

Mzee akakohoa. "Nayo iko. Kuna nchi zinatoza kidogo, wengine wanaandikisha huko kwa sababu hiyo."

Niliandika yote kwa daftari. Hii ya mwisho niliiandika kwa herufi ndogo ndogo.

Alhamisi nikafunga duka nikashuka Bwera. Nilimkalisha mama mkwe kwa mkeka, nikasimama mbele yake kama mwalimu, nikafundisha. Nikasema usajili, nikasema ukaguzi, nikasema mkopeshaji. Yeye anatikisa kichwa tu. Nikaona, Alhamdulillahi, imeingia.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Umesoma vizuri. Mungu akuongezee. Mimi siendi."

"Mama!"

"Mtu akipanga nyumba yangu, nitamfunga jina yangu kwa shingo? Ndege ni ya Waarabu, ivae namba ya Waarabu. Ni ya barafu, ivae rangi ya barafu. Basi."

Nikaketi chini, nikaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo anipe hata sentensi moja tu yenye akili.

Akanitumia mbuzi.

Unajua mtu akijiandaa kwa Hija lazima amalize mambo yake na watu. Amana azirudishe, aliyemkosea amwombe msamaha. Mama mkwe, kabla ya haya yote, alikuwa ametuma habari ng'ambo ya mto kwa mama mmoja wa Kasindi anayemfugia mbuzi, aje wapatane. Mbuzi ni ya mama mkwe, yule mama anafuga, mtoto wa kwanza anaenda kwa mwenyewe, wa pili kwa mfugaji, hivyo hivyo kwa zamu. Habari kwamba Hija imekufa haikuvuka mto. Mama wa Kasindi akatokea mlangoni, kamba mkononi, mbuzi nyuma, tumbo mbele.

"Mama, yambo! Batu beko banasema unaenda Makka! Mbuzi yako njo hii, iko muzima, iko na mimba."

Mama mkwe hakujibu salamu. Alienda moja kwa moja kwa mbuzi, akashika sikio ya kushoto, akaigeuza. Iko na alama imekatwa, kama mdomo ya kuku imefunguka.

"Sikio yangu iko," akasema.

"Iko, mama. Nani atagusa sikio yako? Tangu siku ile, mutu hagusi."

Siku ile ni siku shemeji ya huyu mama wa Kasindi alitaka kuiuza mbuzi hiyo Kasindi. Mama mkwe alivuka na barua ya mwenyekiti wa kijiji, wa Bwera, barua imeandikwa habari ya sikio. Mbuzi ikarudi kabla ya magharibi, na shemeji akaomba radhi kwa mbuzi, nadhani alichanganyikiwa.

Mimi nikaangalia ile sikio. Nikasikia kitu inafunguka kichwani.

"Mama," nikasema, taratibu, "hii mbuzi inakaa wapi?"

"Si unajua? Kasindi."

"Inakula majani ya nani?"

"Ya Congo."

"Inalia na mbuzi za nani?"

"Za Congo. Una nini wewe?"

"Na sikio?"

"Sikio ni ya Bwera."

"Mwili wa Congo, alama ya Uganda. Basi ni mbuzi ya magendo."

Rafiki, magoti yalipona. Alisimama bila kushika ukuta. Mama wa Kasindi akajiweka nyuma ya mbuzi.

"Mimi? Magendo? Baada ya toba? Mbuzi hii ni halali kama maji ya udhu! Nimempa huyu afuge, na yeye anajua, na Mungu anajua! Sikio ni yangu kwa sababu mbuzi ni yangu! Kesho huyu akikataa kunirudishia, niende kulia kwa chifu ya Kasindi asiyenijua? Naenda kwa mwenyekiti wangu, na sikio itaongea! Na wewe unataka kila ikibadilisha malisho nikate alama mpya? Itabaki na sikio gani? Itasikia na nini?"

Halafu akainama kwa mbuzi. Akaangalia sikio. Akaniangalia mimi.

"Hao watu wa barafu," akasema polepole, "ndio wenye mbuzi."

"Ndiyo, Mama."

"Waarabu wanafuga tu."

"Msimu wa Hija tu, Mama."

"Na mwenyekiti wa barafu anarudisha vitu?"

"Mwalimu anasema anarudisha haraka."

Akaketi. "Sasa kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Umekaa kunipigia mambo ya usajili, usajili."

Akafikiri tena. "Na mtoto? Anaenda kwa nani?"

"Mtoto ndiyo ile kodi haji alisema. Kodi ya kupanga. Kila mwezi Waarabu wanampa mwenye ndege mtoto."

"Kila mwezi?" mama wa Kasindi akasema nyuma ya mbuzi. "Mama, hiyo mbuzi inazaa sana. Mukiniletea ile, nitafuga."

Tulicheka sisi watatu mpaka mbuzi ikashtuka.

Ningemaliza hapa, ingekuwa vizuri. Lakini Ijumaa baada ya alfajiri nilimwona anarudisha kanzu kwa sanduku, moja moja, anazipapasa, na ile sentensi yangu ya herufi ndogo ikaanza kuniuma. Hija ya mtu nimeipitisha kwa habari nusu? Ilikuwa nusu ndiyo ilileta taabu. Lakini nikisema, na akikataa tena, leo ndiyo Ijumaa. Nilizunguka ile chumba kama mara tatu nikijifanya natafuta ufagio.

"Ufagio iko mkononi mwako," akasema. "Sema."

Nikasema. "Mama, mwalimu alisema kitu ingine. Wengine wanaandikisha ndege nchi ya mbali kwa sababu huko kodi ni ndogo. Kodi ya kwetu, ya kizuizi. Hii ndege yako sijui. Lakini wako."

Akakaa kitandani, kanzu juu ya mapaja. Nikaona kila kitu imekwisha.

"Karatasi wanaonyesha," akauliza, "ama wanaficha?"

"Wanaonyesha. Kila uwanja."

"Na hiyo namba imeandikwa wapi?"

"Kwa mkia, Mama. Kubwa. Hata mimi nimeisoma kwa simu."

"Sikiliza, mukamwana. Wewe umesoma, lakini hii somo ni yangu. Magendo ni kuzunguka kwa mto, ama kulala juu ya kahawa ukijifanya mgonjwa. Ukipita kwa kizuizi, ukasimama, afande akasoma, akainua mti, hiyo ni biashara. Nzuri, mbaya, lakini ni biashara. Mtu wa magendo haandiki jina yake kwa mkia." Akakunja kanzu ya mwisho. "Kama hiyo kodi yao ndogo ni dhuluma, hao wakubwa wataulizwa. Mimi nitaulizwa ya kahawa."

Akaomba simu.

"Haji? Andika jina yangu. Na jifunze kuongea na watu. Sema ndege ya kukodisha."

"Inshallah, Mama."

"Sio inshallah. Andika kwanza, halafu sema inshallah."

Akaenda. Mimi nilimsindikiza mpaka Entebbe, na njiani nikamfundisha herufi mbili tu za Kizungu, maana yeye Kiarabu anasoma lakini hizo zetu hazijui. T, nikamwambia, ni nguzo na paa. F ni ufunguo. Yaliyotokea mbele nilisimuliwa na wenzake. Walipofika chini ya ndege, watu wote wanapanda ngazi, yeye akasimama nyuma, shingo juu, anatafuta mkia. Mstari ukakatika. Msichana mmoja wa ile ndege, nywele nyeupe kama pamba ingawa ni kijana, akashuka kumshika mkono, akidhani Mama anaogopa.

"Nguzo na paa," mama mkwe akasoma. "Ufunguo." Akamgeukia yule msichana, akampapasa mkono, akamwambia kwa Kiswahili, "Mbuzi yenu nimeiona, iko mzima. Tutairudisha."

Msichana akatabasamu, akampandisha ngazi. Wanasema alimkalisha dirishani.

Basi rafiki yangu, ule mlango wa mdomo wako, leo toa komeo. Ipeleke habari hii Muhokya, ipeleke sokoni, mwambie kila mtu wa mpaka utakayemwona amesimama anaangalia mkia ya ndege kwa wasiwasi. Lakini ipeleke nzima: na ndege, na sikio, na ile ya herufi ndogo pia. Mimi nilianza na nusu, na unaona nilivyohitaji mbuzi mzima kuirudisha.